Kuhifadhi Mti Mmoja: Ng'ong'o Tamu za Shinyanga na Geita

(Mhadhara uliotolewa mjini Shinyanga mbele ya walimu, maofisa ugani, wazee wa vijiji na wachimbaji wadogo. Umechapishwa kama ulivyosemwa, isipokuwa marudio machache yameondolewa.)



Mwenyekiti amenitambulisha kuwa mtaalamu wa matunda. Namshukuru, ila namsahihisha. Nilifundisha somo la kilimo kwa miaka mingi, na mkono wangu umeizoea chaki kuliko jembe. Kilichonileta mbele yenu si utaalamu, ni mti niliouuza. Nitafika huko.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie kuhifadhi aina adimu ya tofaa. Nilicheka kidogo, halafu asubuhi hii nikapita stendi nikanunua tofaa. Hili hapa. Jekundu, linang'aa, lina kibandiko. Kibandiko kinasema limetoka Afrika Kusini, na limefika Shinyanga likiwa na sura nzuri kuliko mimi niliyetoka Kishapu. (Kicheko.) Mtofaa ni mti wa baridi. Usipopata majuma kadhaa ya baridi ya kutosha, macho yake hayaamki vizuri, na yasipoamka hauzai. Ndiyo maana hapa nchini tunausikia Lushoto, Njombe na Makete, si Maganzo. Watu wa Pwani nao wana mtofaa wao, ambao ni ndugu wa mzambarau na hauna udugu wowote na hili nililoshika. Kwa hiyo sisi wa huku, tukitaka tunda letu la kuliweka kwenye kiti cha tofaa, tunda lililokuwa likingojewa na watoto, likipondwa na akina mama na kupikwa pombe na wazee, itabidi tukae na mng'ong'o.

Kwa vijana waliokulia mjini: mng'ong'o ni mti mkubwa, shina lake la kijivu lenye magamba, kivuli chake kipana. Huota kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, na kandokando ya vilima vya mawe, haupendi matope ya mbugani. Matunda yake hayachumwi. Huanguka yakiwa bado ya kijani, yakaivia chini hadi yakawa ya njano, na harufu yake ukiipata mara moja huisahau. Ganda gumu kidogo, nyama kidogo, maji mengi, kokwa kubwa. Ndani ya kokwa mna mbegu mbili au tatu laini zenye mafuta mengi kupita kiasi. Vitamini C yake huzidi ya chungwa, mara nyingi kwa zaidi ya maradufu. Wataalamu huuita Sclerocarya birrea, na wenzetu wa kusini huuita marula.

Kusudi langu ni moja. Nataka niwashawishi kwamba tunda jema la kienyeji halihifadhiwi kwa kuhifadhi pori peke yake. Linahifadhiwa kwa kuhifadhi mti mmoja mmoja, unaojulikana uko wapi, ni wa nani na utamu wake ni upi. Na kikonyo chake, yaani kijiti cha kubebeshea, kikatwe kikabebeshwe kwenye shina jingine kabla haujaanguka. Nina hoja tano. Hazilingani urefu, na sitajisumbua kuzilinganisha.

Hoja ya kwanza: aina si jamii

Tukisema "mng'ong'o upo, haujatoweka," tunasema kweli, na papo hapo tunajidanganya. Mng'ong'o upo kuanzia Afrika Magharibi hadi Afrika Kusini. Tena Tanzania tumependelewa: una matawi matatu ya ukoo, na nchi yetu ndiyo pekee ambamo yote matatu yanapatikana. Moja kati ya hayo, lile ambalo jani lake lina vijani vingi kuliko ndugu zake, haliko mahali pengine popote duniani. Kwa hiyo mng'ong'o kama jamii hauna haja ya kuombewa dua leo.

Lakini mtoto wa kijijini hali jamii. Anakula ng'ong'o za mti fulani. Kijijini kwetu kulikuwa na miti kumi na kitu ambayo sisi watoto tuliijua kama tunavyowajua walimu. Ule wa karibu na kisima ulikuwa mchachu, tuliuacha kwa mbuzi. Ule wa njia panda ulikuwa na matunda makubwa yenye maji matupu. Na ule wa kwa bibi, nje kidogo ya ua wa minyaa, ulikuwa na tunda la wastani, ganda jembamba, nyama inayoachia kokwa bila ugomvi, na utamu ambao sijawahi kuupata tena. Jamii ilikuwa moja, aina zilikuwa kumi na kitu.

Hapa tofaa linaweza kutufundisha jambo. Ukila tofaa hili ukapanda mbegu zake tano, ukabahatika zikaota na kuzaa, utapata matofaa matano tofauti, na huenda yote mabaya. Mbegu ya tofaa haimrudishi mama yake. Kila aina ya tofaa yenye jina duniani ilianza kama mti mmoja, na imeendelea kuishi kwa sababu kuna mtu aliyekata kijiti akakibebesha kwenye shina jingine, na mwingine baada yake, na mwingine. Mfano unaopendwa na Waingereza ni tofaa la Bramley. Mwaka 1809 msichana aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda mbegu katika bustani ya kwao huko Southwell. Mti ule umezeeka na umeshambuliwa na ukungu unaokula mizizi. Lakini vijiti vyake vimo katika mashamba chungu nzima, na kila tofaa la Bramley linalotiwa katika mkate wa tofaa huko ni tunda la mti ule ule, umetawanyika tu.

Mng'ong'o nao ni hivyo hivyo. Kokwa ya mti mtamu haikuahidi utamu. Nimewahi kusikia mtu akisema, "Mti wa babu umekufa, lakini tumepanda mbegu zake." Mwenzangu, umepanda wajukuu. Babu amekwenda.

Hoja ya pili: pori limerudi, tunda halijarudi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi wa Shinyanga tuna sifa kubwa katika jambo hili, na sifa ikizidi huziba macho.

Mnaijua historia. Miaka ya 1920 serikali ya Tanganyika ilitangaza vita na mbung'o. Utafiti wake ukawekwa hapa Old Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, na watu kwa maelfu, wakiitwa na watemi wao, wakashika mashoka wakafyeka vichaka ili mbung'o akose kivuli. Swynnerton mwenyewe alikuwa mpenzi wa viumbe, ndege na mimea, hadi alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Wala sisemi alikuwa na nia mbaya. Ng'ombe walipata nafasi, watu wakapata ardhi. Ikaja pamba, ikataka mashamba. Ng'ombe wakaongezeka. Ikaja Operesheni Vijiji, 1974 na kuendelea, watu wakahamishwa wakaacha makazi yao ya zamani, yale tunayoyaita matongo, na wakaacha ngitili zao, malisho yao ya akiba, bila mlinzi. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipotembelea mkoa huu akakuta nchi imekuwa uwanja. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka akina mama wakipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway na baadaye kwa utaalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Mwanzoni waligawa miche, mingi ya kigeni, na mingi ikafa. Ndipo wakaja kuwauliza wazee, na wazee wakajibu neno moja: ngitili. Yaani fungia eneo mvua zinapoanza, usiingize ng'ombe, halafu lifungue kiangazi kikikaza, mwezi wa saba au wa nane, nyasi zikiwa zimesimama. Kwa sheria za dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu wakisimamia, mwenye kuvunja akalipishwa mchenya, yaani faini. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN ulikadiria kwamba ngitili zilimpa mtu mmoja faida ya dola 14 kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8.50. Kumbukeni kwamba mkoa ule wa Shinyanga ulikuwa mkubwa: ulibeba Bariadi, Maswa na Meatu, ambazo sasa ni Simiyu, na Bukombe, ambayo tangu 2012 iko Geita. Ndugu zangu wa Bukombe, sifa ya ngitili ni yenu pia, msituachie peke yetu.

Sasa swali langu. Katika ngitili hizo kumerudi nini? Nyasi, kuni, fito, dawa, asali. Migunga imerudi kwa wingi. Lakini katika ngitili nilizotembelea kwa miguu yangu, mng'ong'o mchanga ni wa kutafuta. Ming'ong'o mingi ninayoiona ni mizee, imesimama mashambani peke yake kama wajane, chini yake hakuna mtoto hata mmoja.

Sababu haifichiki. Zamani tembo alikula ng'ong'o hapa akaenda kuitupa kokwa kule, ikiwa imeandaliwa vizuri tumboni mwake. Tembo hayupo. Ng'ombe na mbuzi hula tunda, wakifika zizini wakicheua huitema kokwa. Kwa hiyo kokwa nyingi huishia zizini na kuzunguka mji. Nasi binadamu tunafanya kazi ile ile kwa njia nyingine: tunabeba ng'ong'o nzuri nyumbani, tunakula, tunatupa kokwa uani. Ndio maana miti mitamu haikuwa ndani ya pori. Ilikuwa kwenye matongo. Watafiti waliopima ng'ong'o huko Afrika Kusini na Namibia miaka ya mwanzo ya 2000 walikuta jambo la kufanana: matunda ya miti ya mashambani na majumbani yalikuwa makubwa kuliko ya miti ya porini. Kumbe wakulima, bila shule wala maabara, walikuwa wanachagua. Mti mchachu ulikatwa kupisha mtama, mtamu ukaachwa. Fanya hivyo kwa vizazi kumi, utakuwa umezalisha aina.

Na ulaji wenyewe wa ng'ong'o ni wa zamani sana. Katika pango la Pomongwe, kwenye vilima vya Matobo nchini Zimbabwe, wachimbuaji walikuta mabaki ya kokwa za ng'ong'o kwa wingi wa kushangaza, zilizoliwa maelfu ya miaka kabla mtu hajalima mtama katika nchi hizo.

Basi fikirini. Operesheni Vijiji ilipowatoa watu kwenye matongo, haikuing'oa miti. Iliwang'oa walioijua. Na tulipofunga ngitili miaka ya 1980, tulifunga pori, si matongo. Pori likapata mlinzi na sheria. Mti wa kwa bibi haukupata.

Nimefika kwenye mti niliouuza. Bibi alifariki, mji ukahamishiwa barabarani. Miaka ya 1990 alikuja fundi wa vinu na ngoma. Mnajua mng'ong'o unachongeka vizuri, laini, haupasuki ovyo. Aliuangalia ule mti akasema utatoa vinu vinne na ngoma moja kubwa. Wazee wa ukoo walikuwa na shida ya ada ya shule ya mdogo wangu. Wakaniuliza mimi, mwalimu wa kilimo, niliyekuja likizo. Nikasema ming'ong'o iko mingi. Pesa nilizipokea kwa mkono huu. Sikukata hata kijiti kimoja, nami nilikuwa nafundisha kidato cha tatu kubebesha miembe.

Kinu kimoja kati ya vile bado kiko kwa shangazi. Kinatwanga vizuri.

Hoja ya tatu: dume na jike

Hii ni fupi lakini msiipuuze. Mng'ong'o ni kama sisi: kuna dume, kuna jike. Dume hutoa maua, halizai. Mkulima anayesafisha shamba hulitazama miaka mitano, halioni tunda, analiita gumba na kulikata. Jike lililobaki linategemea nyuki watoe chavua kwa dume lililo mbali, na dume la mbali nalo linakatwa na jirani. Baada ya muda watu wanasema mti umezeeka, siku hizi hauzai. Mti haujazeeka. Ni mjane.

Nilipolisema hili katika kijiji kimoja, mama mmoja alisimama akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo mume wangu aliyekuwa anaukata mti kila mwaka kwa kuwa hauzai, alikuwa anajikata mwenyewe?" Sikuwa na jibu la kitaalamu. (Kicheko.)

Jambo hili lina maana nyingine. Ukipanda kokwa, utasubiri miaka saba, kumi au zaidi ndipo ujue umepata dume au jike. Ukibebesha kikonyo cha jike, umepata jike, na matunda huanza baada ya miaka minne au mitano. Hata ukikata tawi nene kama mkono ukalichomeka ardhini mwanzoni mwa mvua, kama tufanyavyo tukijenga ua, linaweza kushika na kuwa mti uleule, jinsia ileile.

Hoja ya nne: Geita, na mti usiojulikana

Ndugu zetu wa Geita wana shida ya namna yake. Dhahabu ilijulikana huko tangu 1898, enzi za Wajerumani. Mgodi mkubwa wa kwanza ulifanya kazi hadi miaka ya 1960, na huu wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000. Bulyanhulu, Kahama, ukafuata 2001. Lakini habari ya miti haiko kwenye migodi mikubwa peke yake. Iko pia kwenye rashi.

Mnaokaa huko mnajua. Inasikika dhahabu imeonekana mahali, kwa wiki moja pamejaa watu. Duara, yaani shimo la mchimbaji, linataka matimba ya kushikilia kuta, mwalo wa kuoshea dhahabu unataka maji na nafasi, mama lishe anataka kuni, na kila mtu anataka fito za kibanda. Mng'ong'o wenyewe si mti wa matimba, ni laini mno. Angalau hapo umeepuka. Unakatwa kwa sababu umesimama juu ya udongo wenye mawe mazuri, au kwa sababu tu upo.

Sitawalaumu wachimbaji. Mimi niliuza mti wa bibi yangu kwa sababu ya ada. Nani wa kumnyooshea kidole anayetafuta ada kwa kuchimba? Ninachosema ni hiki. Kwenye rashi wamekusanyika watu kutoka Mara, Kigoma, Singida, Tabora. Kila mmoja anaijua miti ya kwao. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba mti ule pale ndio mtamu wa kijiji hiki. Mwenyeji anayejua naye amepata pesa ya kukodisha shamba, amehamia mjini Geita. Mti wenye sifa unakatwa na mtu asiyejua sifa, mbele ya mtu asiyejua kusema.

Kwa hiyo kwa Geita hatua ya kwanza si bustani ya miche. Ni daftari. Kabla eneo halijafunguliwa, mwenyekiti wa kitongoji na mabibi watatu wanaokumbuka wapite wauoneshe mti ulipo. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inawataka wenye leseni waandae mpango wa kuchangia huduma za jamii kwa kushauriana na halmashauri. Halmashauri zinaomba madarasa na zahanati, na ni haki yao. Naomba kwenye orodha waongeze kitu kidogo sana, mishahara ya vijana wawili wanaojua kubebesha. Na mashimo yakifukiwa, isipandwe mikaratusi tu kwa sababu inakua haraka na inapendeza kwenye picha.

Hoja ya tano: soko ni rafiki wa aina gani?

Nitaulizwa: mbona michembe na matobolwa havihitaji mihadhara? Kweli. Viazi vilivyokaushwa vimeokoka kwa sababu vinauzika. Nenda stendi yoyote kuanzia Tinde hadi Mwanza utavikuta. Basi kwa nini tusiuze ng'ong'o?

Afrika Kusini wameuza. Mwaka 1989 waliingiza sokoni kileo cha krimu ya marula, Amarula, ambacho sasa kinauzwa hata katika viwanja vya ndege vya Ulaya, na matunda yake hununuliwa kwa wanavijiji wanaookota chini ya miti. Namibia wakafanya tofauti. Wao waliishika sherehe yenyewe: watu wa kaskazini mwa nchi ile hukusanyika msimu wa ng'ong'o kunywa kinywaji chao, omagongo, na mwaka 2015 UNESCO iliiandika sherehe hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Akina mama hukamua mafuta ya mbegu, mengine hutumika jikoni, mengine huuzwa kwa watengenezaji wa vipodozi.

Nayapenda yote mawili, ila si kwa kiasi kimoja. Kiwanda kinanunua kwa kilo. Kwa kilo, mti mchachu wa kisimani na mti wa kwa bibi ni sawasawa. Soko la namna hiyo litaulinda mng'ong'o kama jamii, jambo ambalo nimeshasema halina dharura, na litauacha mti mtamu uende. Sherehe, kwa upande wake, inauliza: hii imetoka kwa nani? Pombe ya mwaka huu ni ya mti gani? Mahali ambapo swali hilo linaulizwa, mti una jina. Kwa hiyo, kama ningepewa kuchagua mradi, nisingeanza na kiwanda. Ningeanza na mashindano: siku moja kila msimu, kijiji kimoja, kila ukoo ulete beseni la ng'ong'o, wazee na watoto waonje, mshindi apewe mbuzi, na sisi tupate anwani ya mti.

Wanasayansi nao hawajausahau kabisa mng'ong'o. Mwaka 2019 lilichapishwa chapisho lenye jenomu za mimea mitano ya Afrika iliyopuuzwa, mng'ong'o ukiwa mmojawapo, pamoja na njugu mawe na mlonge. Ni kazi njema. Lakini jenomu ile ni ya mti mmoja uliochaguliwa na wao, na ngazi iliyobaki, ya kujua upi mtamu, haisomwi na mashine. Inasomwa na ulimi wa mtu aliyekula miti yote kumi na kitu ya kijiji chake, na watu hao hapa ukumbini wanazidi kuwa na mvi.

Kuhusu miti ni ya nani. Mimi sitaki tuwe wezi wa vijiti. Kijijini kwetu desturi ilikuwa tunda lililoanguka ni la mpita njia, mti ni wa mwenye shamba. Desturi hiyo tuiandike. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinaipa serikali ya kijiji nafasi ya kutunga sheria ndogo. Iandikwe kwamba mti uliotajwa kwenye daftari haukatwi bila kijiji kuarifiwa msimu mzima kabla, ili vikonyo vichukuliwe. Na kwamba mwenye mti apewe miche kumi ya kwanza iliyotokana nao, bure. Mtu akiona mti wake umepata watoto wenye jina la ukoo wake, hatauuza kwa vinu vinne.

Yaliyo mbele yetu

Mwenyekiti ananionesha saa. Namalizia na kazi ya miezi ijayo.

Sasa hivi ming'ong'o imebeba. Wiki hizi na zijazo, walimu mliopo, watumeni wanafunzi wa darasa la sita na la saba wawaulize bibi zao swali moja tu: mti upi mtamu? Si "mti upi mkubwa", wala "mti upi unazaa sana". Waandike jina la mti kama una jina, kitongoji, mwenye shamba, na walivyouelezea utamu wake kwa maneno yao wenyewe. Wenye simu wachukue alama ya mahali. Msisafishe maneno ya mabibi. Mmoja aliniambia ng'ong'o yake ilikuwa "inakaa mdomoni kama habari njema", nami sijaona kipimo cha sukari kinachosema hivyo.

Mwezi wa tisa, miti ikiwa haina majani na macho yameanza kuvimba, ndipo tutakata vikonyo. Wenzetu wa korosho kule kusini wana bustani za vikonyo, miti mama iliyopandwa mahali pamoja ili ikatwe kila mwaka. Tunahitaji mbili za namna hiyo: moja upande huu wa luseni, moja upande wa Geita wenye mvua zaidi. Nusu ekari kila moja inatosha kuanzia. Na humo, tafadhali, yawepo na madume.

Vikonyo vinahitaji mashina ya kubebeshewa, na mashina yanatoka kwenye kokwa. Kwa hiyo mlangoni, upande wa kulia, nimeweka ndoo mbili za kokwa za msimu uliopita. Nilizikausha na kuziweka mwaka mzima, maana kokwa mbichi huwa mvivu kuota. Kila mtu achukue ishirini. Loweka usiku na mchana, kisha kwa ncha ya kisu legeza vile vifuniko vidogo mtakavyoviona upande mmoja wa kokwa, ndipo uzike. Zingine zitaota baada ya wiki, zingine zitawachelewesha mpaka mkate tamaa. Hizi ni za miti ya kawaida, na baadhi ni za ule mchachu wa kisimani, ambao bado uko hai kwa sababu hakuna aliyewahi kuutamani. Msizipande mkitegemea utamu. Zikifika unene wa penseli, niiteni nije na kisu na utepe, nanyi mnioneshe mti.

Mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja dume na jike. Karibu, mzee wangu.